Mlango wa Ubavuni

Aziziya, Jeddah

Ndugu yangu Zablon,

Huko Uingereza baridi imekuachia? Mimi mzima, ni joto tu. Picha za lile kanisa la kale nimezitazama mpaka madam akauliza. Nikamwambia ni ngome. Mnara ni mzuri, lakini macho yangu hurudi kwenye ule mlango wa ubavuni uliozibwa kwa mawe. Eti zamani ulifunguliwa mtoto akibatizwa, ili shetani atoke? Basi nani aliuziba? Nikipiga pasi nauwaza huo tu.

Mkataba wangu uliisha kabla ya Ramadhani. Kafili, mwajiri aliyenileta huku, anasema ningoje. Wakitoka yeye na madam, hunifungia kwa nje.

Mama mwambie nimenenepa. Nawe ukipita tena pale kanisani, yasukume yale mawe, uniambie kama yanatikisika.

Dada yako,
Fridah