Kitenzi Ulichonifundisha Kamanga

Mdogo wangu Petro, huko Kongo, kama bado uko,

Unakumbuka ulipokuja likizo kutoka shule ya mapadre Wafaransa, tukawa tunaanika dagaa pale Kamanga? Badala ya kugeuza dagaa ukanifundisha kitenzi chao, attendre. Maana yake kungoja. Padre alikuwa amewaambia kimetoka kwenye Kilatini, na kwamba huko mwanzo kilikuwa kunyoosha kitu kuelekea mahali. Nikasema basi hiyo ni shingo ya mama akitazama mitumbwi. Ulicheka mpaka kunguru wakatuibia.

Ukaandika mchangani kwa kijiti: j'attends, tu attends, il attend, nous attendons, vous attendez, ils attendent. Nikaona kwetu mwenye kungoja hutajwa mbele tu, yakaisha. Kwao hutajwa mbele, kisha na mkia wa neno ubadilike kwa ajili yake. Nikasema hiyo ni kazi mara mbili. Ukanijibu kwamba ningefaa kuwa padre. Padre hauzi dagaa, nikakwambia, na hivyo viatu umevalishwa na dagaa.

Kifaransa hicho ndicho kilichokupa ukarani Kongo. Baba alipofariki tulikuandikia, ukajibu tukungoje, uje tuanue matanga pamoja. Wewe ndiwe mtoto wa kiume pekee, na wembe wa kuanua matanga huanza na kichwa chako, wazee wakakubali. Basi mama akabaki kulala chini kwenye mkeka, nywele hazijanyolewa, harusini haendi. Masika manne yamepita. Barua zangu zote umezinyamazia. Baba mdogo kila akipita huuliza kama Mfaransa wetu ameshapata nauli.

Mwezi huu magoti ya mama yamevimba kwa baridi ya sakafu. Nilimwomba apande kitandani, akakataa. Jana asubuhi akaniita, akasema polepole, "Mwambie baba yako mdogo alete wembe. Tuanue ya wote wawili."

Sikubishana naye. Nimeshanunua mchele, na majirani nimewaambia.

Jumamosi nitanyolewa mahali pako. Jioni mama atapanda kitandani. Ukija baada ya hapo utamkuta ameshamaliza kukulilia, nami sijui nitamwambia ni nani anayepiga hodi.

Nakuaga, na safari hii nakuaga kweli.

Dada yako mkubwa