Mjusi Mwenye Upara

Jumanne, Machi 2000

Fundi Mbwana atanitia wazimu. Nilimpa picha ya dinosau mdogo, niliyoletewa na mtafiti wa kituo cha utafiti cha Amani, aichore kwenye ukuta wa maabara yetu kabla ya wageni wa Ijumaa. Mnyama mwenyewe hamzidi bata mzinga. Ana manyoya mwili mzima kama ndege, marefu zaidi mikononi, mkia mkakamavu, na kucha ya pili ya kila mguu imepinda kama mundu.

Natoka kipindini, nakuta kachora mjusi mwenye upara!

"Manyoya yako wapi, fundi?"

"Mwalimu, hawa tunawaona kila siku kwenye mabanda ya video. Hawana manyoya."

Tukabishana hadi wanafunzi wakajaa madirishani. Naogopa kuaibika mbele ya wageni, na rangi ya kahawia ya manyoya imebaki robo kopo. Nikamweleza kwamba kucha ile ilikuwa ya kupasulia tumbo la mawindo. Akacheka.

"Kucha iliyopinda hivi haipasui, inashika. Juzi mwewe kashuka uani kwangu. Kamkanyaga kifaranga, kambana chini kwa kucha, akawa anapigapiga mabawa asianguke, huku anamdonoa yungali hai."

Miaka kumi nafundisha biolojia, sijawahi kumtazama mwewe akila. Niliudhika kweli, kisha nikaona mwanya.

"Basi kama huyu naye aliwinda hivyo, fundi, alipigapiga nini?"

Akaukodolea macho ukuta. Akasonya, akaomba ngazi na ile robo kopo.