Nazi Iliyorudi kutoka Mlimani

Ijumaa, Jeddah. Joto la unyevu, vioo vya madirisha vinatoka jasho, na mimi nimenuna tangu alfajiri.

Nazi iko juu ya meza ya jikoni kwa mama, hapa mtaa wa Bani Malik, ina uzi mwekundu kiunoni. Haikutakiwa iwe hapa.

Jaya, mwanamke mwenzangu wa kazini na wa nyumba moja Riyadh, ni Mhindu wa Mombasa. Baba yake anapasuliwa moyo Jumapili, na kafili, mwajiri anayemdhamini, amemnyima ruhusa ya kusafiri. Aliposikia nakwenda likizo India kuliona hekalu la kale la mlimani, lile nililolisoma chuoni mpaka nikaliota, aliniomba jambo moja tu: ninunue nazi chini ya mlima, niifikishe juu, ivunjwe kwa jina la baba yake.

Nilipanda. Ngazi za mawe, ukungu, nyani wakinitolea macho. Kisha hekalu lenyewe, jiwe la kijivu lililochongwa hata halina pa kuweka kidole pasipo nakshi. Machozi yalinitoka.

Mlangoni mlinzi alitazama mtandio wangu, akanionyesha kibao. Wasio Wahindu mwisho hapa. Akanyoosha mikono yote miwili: nipe nazi, niipeleke ndani.

Nikakataa.

Nilijiambia nimeahidi kuifikisha mwenyewe. Uongo. Nilikasirika kwamba mimi, ninayeijua kila nguzo ya ndani kwa vitabu, nimezuiwa nje kama mpita njia. Nikashuka nayo.

Leo nimempigia Jaya simu. Nilitaraji tumlaani mlinzi pamoja.

"Rahma, umerudi nayo? Wewe mwanamke wewe! Mimi nilituma nazi. Sikukutuma wewe."

Akanikumbusha safari yetu ya Taif na wenzetu wa kazini. Kabla ya Makka barabara inagawanyika: sisi tuliingia kufanya umra, yeye akazunguka na gari jingine kwa njia ya wasio Waislamu. Kabla hatujaachana alinipa chupa nimjazie zamzam, ya Bi Mwanaidi, jirani yao Mombasa.

"Nilinuna mimi siku ile? Nilikunyima chupa? Na maji yalifika. Bi Mwanaidi aliniombea dua mpaka nikaona haya."

Siku ile sikugeuka hata kulitazama gari lake likiondoka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bado nina hasira na mlinzi.

Mama amepita sasa hivi na mbuzi yake ya kukunia. "Nazi yenyewe nzuri hii, mwanangu. Niikune tuitilie samaki?" Nimempokonya kama kibaka. Ananitazama mpaka sasa.

Kesho napanda basi la Riyadh, nazi mapajani. Jaya husali peke yake chumbani, mlango umefungwa. Nitabisha. Asiponikaribisha, nitangoja nje mpaka amalize kumwombea baba yake.

Safari hii nitaitoa, kwa mikono miwili.