Dakika Moja Bila Betri

Kisii,
14 Machi 1999

Mpendwa dada Sejal,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na Neel na mtoto Trisha, na kwamba joto la Mombasa halijawachosha. Sisi tu wazima. Mvua imeanza mapema mwaka huu na barabara ya sokoni ni tope tupu. Mama yako Manju ana kikohozi kidogo, ambacho amenikataza kukuandikia.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniuliza kwa nini Mzee, babako, ameacha kushika bisibisi baada ya miaka thelathini na minane kwenye meza ile ile, na ukaniomba nikusaidie kumshawishi afunge duka aje akae kwenu. Nitakueleza yaliyotokea, halafu hilo la pili utaamua mwenyewe.

Mwanzoni mwa Januari alikuja dukani mama mmoja wa Tabaka anayeitwa Nyanchera. Mumewe, Abner, alikuwa akiwauzia wanunuzi wa ng'ambo vinyago vya mawe ya sabuni, na alifariki Novemba kwa homa ya mapafu. Mama huyo alifungua leso akatoa kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Haina vitufe vya herufi. Unagusa kioo chake kwa kalamu ya plastiki, nacho kinakuitikia. Mnunuzi mmoja wa Denmark ndiye aliyempa Abner zawadi hiyo. Mimi sijawahi kuona nyingine mjini hapa.

Alisema majina na anwani za wanunuzi wote zimo humo ndani, kwa kuwa marehemu alipoipata tu aliyatupa madaftari yake ya zamani. Sasa kioo kilikuwa kimekataa. Kilikuwa kikiwaka vizuri, lakini ukigusa juu kinaitika chini, na mara nyingi hakiitiki kabisa. Nyumbani kwake kulikuwa na masanduku ya vinyago vilivyokwisha kufungwa kwa nyasi kavu, na wachongaji tisa waliokuwa wakingoja kuambiwa viende wapi. Shemeji zake walikuwa wamempa hadi Pasaka aonyeshe kwamba kazi ile anaiweza, la sivyo waichukue wao.

Unamjua babako. Kitu ambacho hajawahi kukifungua humfurahisha kuliko chakula. Alikigusa kioo pembe zote nne, akasikiliza, akamwambia yule mama, "Hii hapana kufa. Hii nasikia wewe, lakini iko kitu nashika yeye." Akamwambia arudi kesho yake saa nane.

Asubuhi iliyofuata alianza na mambo mepesi. Alikifuta kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akakikausha, akajaribu. Wapi. Kisha akakiinamisha kwenye mwanga wa dirishani, akaniita kutoka meza yangu ya kazi, akanionyesha mstari mweupe chini ya fremu, mwembamba kama uzi. Lilikuwa vumbi la mawe ya Tabaka. Lilikuwa limejipenyeza ukingoni na kukikandamiza kioo, kwa hiyo mashine ilidhani kuna kidole pale wakati wote. Alikata karatasi ngumu kwenye kadi ya mwaliko wa arusi, akaipitisha taratibu kati ya fremu na kioo, upande baada ya upande, na kila ilipotoka ilikuwa na unga. Kioo kilianza kuitika. Jina la kwanza lilifunguka, mtu wa Hamburg. Mzee alicheka peke yake.

Ilibaki hatua moja tu, kuiwasha upya kwa kuchokoa kitundu cha nyuma kwa pini ili kioo kijipange sawa. Alisema hatua hiyo haifuti kitu. Lakini saa ya chakula ilikuwa imefika na mama yako alikuwa amemwita, kwa hiyo akaiacha mezani akapanda juu.

Aliporudi aliichokoa kwa pini, akaiwasha. Kioo kilifuata kalamu kila mahali bila kosa, ila ndani hamkuwa na jina hata moja. Alitafuta hadi yule mama akafika. Hakumficha. Alisimama akamwambia, "Mama, mkono yangu imefuta. Samahani." Nyanchera aliuliza kama majina yanaweza kurudishwa. Mzee akasema hapana. Mama akaifunga mashine yake kwenye leso akaondoka bila kupaza sauti.

Tangu siku hiyo babako hajafungua hata redio. Husema mikono imezeeka na haisikii tena. Huuza betri na mikanda ya saa, basi. Fundi wa kazi zote zilizobaki ni mimi. Ndiyo maana alipokujibu kwenye simu kwamba labda atakuja Mombasa, alimaanisha.

Sasa sikiliza, Sejal. Mkono uliofuta ni wangu.

Alipokuwa juu akila, niliona vishikio vya betri vina kutu kidogo, nikataka akirudi akute nimevisafisha. Nilizitoa betri. Mwenyewe alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba bila betri kumbukumbu ya mashine ile huishi dakika moja tu. Nikaanza kusugua kwa kifutio, akaingia mteja mwenye redio, nikaenda kumsikiliza. Nilikaa naye dakika kumi, pengine zaidi. Niliporudisha betri, kioo kiliniuliza leo ni tarehe ngapi, kama kitu kilichozaliwa sasa hivi. Nikajaza tarehe, nikaizima, nikaiweka pale pale alipoiacha. Nilimwona akiichokoa kwa pini na nikamwacha aamini ni pini yake. Nilinyamaza hivyo miezi miwili.

Juzi Alhamisi, baada ya kuisoma barua yako, nilimwambia. Aliuliza kitu kimoja tu, ni dakika ngapi. Nikamtajia. Akasema, "Mimi iko miezi miwili najifunza kuwa mzee." Hakunifukuza. Alifunga duka mchana kweupe, tukaenda Tabaka, nikarudia maneno yale mbele ya Nyanchera.

Mama huyo alinisikiliza hadi mwisho. Alisema anwani moja aliipata kwenye ubao wa sanduku la zamani, ameiandikia na amejibiwa. Wengine hajui pa kuwatafuta. "Umewapoteza wewe," aliniambia, "na sitasema si kitu." Kisha akaniuliza kama Kiingereza changu kinatosha kuandika barua. Kuanzia Jumapili ijayo nitakuwa nikienda kumwandikia, kwa kila chama cha wafanyabiashara wa ng'ambo tutakachopata anwani yake, watusaidie kuwatafuta wanunuzi. Pasaka ni wiki tatu zijazo. Sijui kama tutaiwahi.

Babako aliniomba nisikuandikie haya. Anaona haya kwamba aliamini upesi namna ile kuwa amekwisha, na anaogopa ukisikia na wewe utaamini. Nimemvunjia ombi lake kwa sababu tayari ulikuwa umeanza kumtandikia kitanda.

Nisalimie Neel, na umbusu Trisha kwa niaba yangu. Ukitaka kunikasirikia, una haki. Niandikie hata hivyo. Na mwezi wa Aprili ukija, njoo kumtembelea babako, usije kumchukua.

Ni mimi rafiki yako,
Adongo