Figa la Tatu

Honoratha, soma hii sasa hivi.

Tulikuwa bado kambini ziwani, kwenye ile hifadhi yenye mahandaki ya vita ya Wajerumani na Waingereza. Jana tulikosa figa la tatu. Mume wangu akaokota chuma kizito chenye kutu kando ya handaki, akakipachika jikoni. Nikapika ugali juu yake. Nikapika ugali!

Leo asubuhi amekuja askari wa hifadhi. Watoto wanamwamkia shikamoo, haitikii. Anatazama jiko tu.

"Mama, nani ameweka hilo figa?"

"Ryoba, baba yao. Umelipenda?" Mimi na mdomo wangu.

"Hilo ni bomu. Halijalipuka. Chukua watoto mwondoke polepole. Sufuria iache."

Halijalipuka, Honoratha. Na Gati alikuwa amechuchumaa hapo anachoma mahindi.

Sasa tuko mbali, huku barabarani. Watoto wazima.

Lakini Ryoba ameondoka na gari alfajiri, anawahi zamu mgodini. Gati ndiyo kwanza ananiambia: "Baba amebeba lingine kwenye buti. Amesema litafaa kugongea majembe yakipinda."

Kugongea. Kwa nyundo.

Nampigia, hapatikani. Atapita kwako kuchukua ile mbegu ya mahindi. Mtoe mama yako ndani, kisha msubiri Ryoba barabarani, msimamishe kabla hajafika kwenye nyumba. Ashuke, asifungue buti, aache gari lilipo.

Atakucheka. Mwache acheke, ila mshike mkono usimwachie.