Haikuwa Baridi ya Shambani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na maharage hapo Maretadu, mmeshavuna? Sisi huku Norwe tuko salama. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako husikika nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako.

Unajua Emanueli anavyosumbuliwa na kichomi. Anapona wiki mbili, anaugua tena. Miezi minne iliyopita alilazwa, ndipo daktari mmoja, mama mtu mzima, akaagiza damu yake ipimwe upya. Majibu yalipotoka alinichorea kwenye karatasi. Alinieleza kwamba mwilini kuna seli zinazotengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu, ila haziwezi kutengeneza zile za kudumu mpaka seli nyingine ziziambie. Ujumbe huo hubebwa na protini. Kwa mjukuu wako protini hiyo ni mbovu, kwa hiyo ujumbe haufiki.

Kisha akaniuliza, "Kwa mama yako, kuna watoto wa kiume waliofariki wakiwa wadogo?"

Nikamtajia kaka zangu wawili, waliokufa kwa kichomi kabla ya kufikisha miaka miwili.

Mama, nilikuwa na miaka minane nilipokusikia jikoni ukimwambia shangazi kwamba uliwaua mwenyewe, kwa kuwabeba kwenye ukungu wa asubuhi ukienda kupalilia. Nilimweleza daktari hilo pia. Akaweka kalamu chini.

"Mwambie haikuwa baridi," akasema. "Hata angewafungia ndani, wangeugua."

Sitakuficha lililobaki. Hitilafu hii mtoto huirithi kwa mama yake; sisi wanawake huibeba bila kuugua, wanaougua ni watoto wa kiume. Wamenipima, mimi ninayo, na inaonekana niliipata kwako, kama wewe labda ulivyoipata kwa bibi. Lakini hakuna kati yetu aliyeichagua, wala aliyeijua.

Emanueli sasa anawekewa dripu ya kingamwili kila mwezi. Tangu aanze hajakohoa, na anamaliza uji wake bila kubembelezwa.

Nisalimie baba, shangazi, na baba mdogo anayefuga kule Basotu. Ukipata nafasi nenda Katesh kwa mdogo wangu Magdalena, umweleze wewe mwenyewe, taratibu, kabla hajajifungua. Akipata mtoto wa kiume, damu yake ipimwe mapema. Huyo tutamwahi.

Binti yako,
Paskalina