Kiti cha Kwenda Jeju

Seogwipo, Jeju
10 Septemba 2020

Mwanangu Bo-yeong,

Hujambo? Sisi tunajikongoja, ila mguu wa baba yako bado mzito tangu kile kiharusi. Wiki ijayo tunafyeka makaburi ya wazee wetu. Unatujua watu wa Jeju: sikukuu ya mavuno ukiikosa utasamehewa, siku ya kufyeka husamehewi. Na hatuna mtoto mwingine. Ndege zenyewe nasikia zinakuja tupu. Njoo, baba yako ananoa mundu kila asubuhi.

Mama yako

Incheon
25 Oktoba 2020

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa kukawia. Kwa korona hii wahudumu wengi wa ndege tumekalishwa nyumbani bila mshahara, na ukiitwa ukakosekana, kazi huna. Ningekuja vipi? Jana ndiyo nimeitwa. Watu wamechoka kufungiwa, wanalipa wazungushwe angani na kurudishwa walikotoka. Tulizunguka juu yenu, Mama! Nikaliona shamba letu la machenza, na hatukutua. Nililia chooni. Mwambie Baba, abiria wakirudi nitakuja. Mfanyakazi hupanda bure.

Mwanao

Seogwipo
3 Novemba 2020

Bo-yeong,

Hatujambo. Nilimsomea baba yako barua yako. Tangu hapo kila ndege ikipita anatoka na mkongojo, anapunga kofia. Nikamwambia, "We mzee, hiyo inakwenda Busan, si ya mwanao!" Akanijibu, "Umemwona rubani?"

Mama yako

Uwanja wa Ndege wa Gimpo
28 Agosti 2022

Shikamoo Mama,

Hali yako? Baba alipozikwa nilikuwa karantini, nawe hujaniandikia tena. Niliapa mwaka huu nitamfyekea. Lakini kiti cha bure ni kile kinachobaki, na leo hakibaki. Tangu alfajiri ndege zinaondoka na wacheza gofu na maharusi. Tiketi za kununua zimeisha. Wenzangu wanapongezana kwamba abiria wamerudi. Bado nasubiri ndege ya mwisho.

Mwanao

Seogwipo
2 Septemba 2022

Bo-yeong,

Mimi mzima. Ndege zilipokuwa tupu hukuweza kuja. Zimejaa, huwezi kuja. Basi nieleze ndege ya kukuleta kwetu inafananaje.

Nilifyeka peke yangu. Ndege ikapita, nikajikuta napunga kofia ya baba yako, watu wa kaburi la pili wananitazama. Niliona aibu mpaka machozi.

Mundu nimempa binamu yako, mtoto wa baba mdogo. Mwakani atafyeka yeye. Wewe hudumia abiria wako.

Mjane wa baba yako